Mahindi Sebuleni

Enzi zetu, mtu akisema anajenga, hakuna aliyemwuliza anahamia lini. Lilikuwa swali la kumkosea mtu adabu. Wenzangu mliokulia Nzega na Igunga wakati wa vijiji vya ujamaa mnanielewa. Ulimwuliza tu, "Kazi inaendeleaje?" naye akakujibu, "Tunasogea," mkaachana kwa amani.

Sisi tulihamishwa wakati wa kiangazi. Lori lilitubeba na mbuzi wetu, kinu, vitanda vya kamba na miti tuliyoing'oa kwenye paa la nyumba ya zamani, likatushusha kwenye kijiji kipya upande wa Lusu. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, na kila kaya imeoneshwa mahali pake. Majirani zetu walijenga haraka kwa miti, udongo na nyasi, wakaingia. Mama Tabu, aliyekuwa jirani yetu wa ubavuni, alikuwa anapika ndani ya jiko lake kabla sisi hatujachimba msingi.

Sababu ilikuwa baba. Katika ujana wake aliwahi kufanya kazi ya bustani kwenye misheni moja Tabora mjini, na huko aliziona nyumba za matofali ya kuchoma na paa la bati. Hazikumtoka kichwani. Siku tuliyoshushwa alisimama katikati ya kiwanja kitupu, vumbi la lori halijatulia, akasema: "Wamenihamisha. Basi sitahama tena. Hapa najenga nyumba ya matofali, vyumba vinne na sebule." Mama akamtazama, akatutazama sisi watoto, akaenda kutafuta mafiga.

Tukajijengea kibanda cha nyasi pembeni ya kiwanja. Cha muda, alisema baba.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa matofali. Tukitoka shule, ambako nako tulikwenda na jembe begani kwa ajili ya shamba la shule, tulipitia kisimani na ndoo, tukamwaga maji kwenye shimo la udongo na kuanza kukanyaga. Udongo ule ulikuwa baridi na mzito, ukikunyonya mguu mpaka magotini. Wadogo zangu waliimba na kusukumana, mimi Eliza, mkubwa wao, nikijifanya msimamizi. Baba alifyatua, sisi tukapanga juani, na usiombe mbuzi wapite. Hadi leo nikiona tofali la enzi zile nalitafutia alama ya kwato. Chakula chetu kilikuwa michembe na karanga, viazi vilivyokaushwa mpaka vikagonga kama kokoto mfukoni, unatafuna huku unakanyaga. Vijana wa leo wanalipa pesa wafundishwe mazoezi ya miguu.

Siku ya kuwasha tanuru kijiji kizima kilikuja kuota moto. Baada ya hapo akaingia fundi.

Fundi Masanja alikuwa mwashi hodari, hilo sitamnyang'anya. Lakini alikuwa mmoja, na kijiji kilikuwa kinajenga shule na ghala. Kazi ya kijiji kwanza, ya mtu baadaye, ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyelalamika kwa sauti. Alikuja asubuhi na baiskeli yake, akatusalimu Kisukuma, "Mwangaluka!", akapanga matofali mistari michache, akasimama mbali akafumba jicho moja kuutazama ukuta, akasema, "Kesho tunaendelea." Kesho ya Masanja haikuwa na tarehe. Tulizoea. Kuta zilipofika kiunoni tukapata uwanja wa kombolela usio na mfano: milango bila milango, pembe za kujificha, madirisha ya kurukia. Watoto wa kijiji kizima walikuja kucheza kwetu. Sisi ambao hatukuwa na nyumba ndio tuliokuwa na vyumba vingi kuliko wote.

Mvua za mwaka ule zilizikuta kuta zimefika madirishani. Tukazifunika kwa nyasi juu, tukarudi kibandani kungoja. Kiangazi kilichofuata zikafika juu kabisa, na hapo ndipo tulipokwama hasa, maana bati halikuwapo. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na sabuni, siku nyingine hata hizo hazikuwapo. Baba alikwenda Nzega kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi, mzee mpole aliyemjua tangu zamani.

"Bati bado, ndugu yangu," yule mzee alimwambia kila safari. "Mwezi ujao tazama tena."

Baba hakupenda kurudi mikono mitupu, basi alinunua misumari. Tulikuwa na misumari ya bati kopo zima kabla hatujawa na bati hata moja.

Jioni, mama alipouliza, baba alijibu, "Haraka haraka haina baraka." Mama naye, bila kuinua macho kutoka kwenye mlenda, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali hizo mbili tulizila na ugali karibu mwaka mzima. Wakati mwingine baba aliongeza habari ya babu yake aliyekuwa mpagazi wa misafara: "Alibeba pembe kwa mguu mpaka pwani, akarudi. Mimi nishindwe na paa?"

"Babu yako alikuwa na nyumba ya kurudia," mama alisema mara moja.

Mvua za pili zilipoanza, mama alichukua jembe akaingia ndani ya kuta, akapanda mahindi sebuleni. Udongo wa mle ndani ulikuwa mzuri, umekingwa na upepo, na mbuzi wangezuiwa kwa mti mmoja tu mlangoni. Mahindi yakakubali. Yakapanda mpaka usawa wa madirisha, majani yakachungulia nje kama wageni. Watu walipita barabarani wakicheka. "Baba Eliza, sebule yako ikoje? Imeshatoa mbelewele?" Baba aliona aibu. Siku mbili hakuzungumza na mama.

"Umenifanya kichekesho," alimwambia hatimaye.

"Nimekufanyia chakula," mama alijibu.

Wakati huo mama alikuwa mjamzito, na mwezi wa mvua kubwa akajifungua mtoto wa kiume. Tukamwita Mabula, jina la mtoto wa mvua. Kibanda kile cha muda kilikuwa kimeshachoka. Kilivuja juu ya kitanda, kilivuja juu ya majivu, tukawa tunahamisha sufuria za kukingia maji huku na huko. Mabula akaanza kukohoa. Kikohozi kikawa kifua, na kifua kikawa cha kumfanya ashindwe kunyonya. Baba hakuwapo. Alisikia bati limefika Tabora, akapanda lori, kisha barabara ikakatika kwa mafuriko, hakuna gari lililokwenda wala kurudi.

Mama alimbeba Mabula hadi zahanati, nikimfuata na khanga ya kumfunika. Tabibu alimsikiliza mtoto mgongoni, akampiga sindano, akampa dawa. Kisha akauliza, "Mnalala wapi?" Mama akamweleza. Tabibu akatikisa kichwa. "Mama, dawa nimekupa. Lakini mtoto huyu anataka pakavu, na pakavu mimi sina."

Tuliporudi, mama hakuingia kibandani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Tabu.

"Baba Eliza amefuata bati," alisema. "Mimi nataka nyasi."

Mwezi ule nyasi za kuezekea hazikatwi, ni mbichi bado. Lakini kila nyumba ilikuwa imeweka akiba ya kuzibia paa. Mama Tabu alizunguka mlango kwa mlango, na kufikia mchana wanawake walikuwa wanakuja kwa mstari, kila mmoja na mzigo kichwani. Mama Tabu alijifunga kitenge kati ya miguu kama suruali, akapanda juu ya ukuta wa matofali kupokea miti. Mama alimfunga Mabula mgongoni akawa anapasua khanga kuukuu kupata kamba. Waliazimia kuezeka vyumba viwili vya nyuma tu. Sebule waliyaachia mahindi.

Habari zikamfikia Fundi Masanja huko ghalani. Akaja na baiskeli mbio, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Nani kawapa ruhusa ya kupanda juu ya nyumba ya mwanaume, naye mwenyewe hayupo?"

"Mvua," alijibu mama.

Masanja akamtazama. Akamtazama mtoto mgongoni. Akaegemeza baiskeli, akavua viatu, akapanda. "Shuka, Mama Tabu, utaniangushia ukuta," alisema, na siku ile hakusema kesho.

Jioni ile tulilala ndani ya kuta za matofali, chini ya nyasi zilizokopwa kila nyumba, kwenye sakafu ya udongo iliyotandikwa mikeka. Palikuwa na harufu ya nyasi za kale na moshi wa majiko ya watu wengine. Mvua ilinyesha na hakuna tone lililotufikia. Mabula aliendelea kuhangaika kwa siku kadhaa, mama akamkanda kifua na kumpa dawa, kisha asubuhi moja akashika ziwa, akanyonya kwa hasira kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Mama akacheka mpaka akalia.

Baba alirudi kwa mguu kutoka barabara kuu, suruali imejaa tope. Bati hakulipata. Alisimama njiani akaitazama nyumba yake: matofali mekundu aliyoyafyatua kwa mikono yake, na juu yake nyasi zisizolingana, nyeusi hapa, njano pale. Sisi watoto tulijua patakuwa na maneno. Nikawavuta wadogo zangu tukasimama nyuma ya mahindi.

Mama akatokea mlangoni na mtoto. "Pole na safari, Baba Eliza."

"Nimekwisha poa. Mtoto?"

"Alizidiwa. Sasa anapumua."

Baba akamchukua Mabula, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaizunguka nyumba polepole akiwa naye mkononi, akitazama juu. Akanyoosha mkono akagusa fundo moja.

"Hapa mmefunga kwa khanga?"

"Ndicho kilichokuwapo."

"Itaoza. Kesho nitakwenda kuchuna magome, nifunge upya." Akaomba maji ya kuoga. Na ile methali ya haraka haraka sikuisikia tena kinywani mwake.

Bati lilikuja baadaye, kidogo kidogo, kwa miaka. Sebule iliezekwa mimi nikiwa nimekwenda kusoma Tabora. Chumba kimoja kikapata bati nilipoolewa. Cha mwisho aliezeka Mabula mwenyewe alipopata kazi Dar es Salaam, na mwaka huo waliokuwa wakilala ndani ya vyumba vinne na sebule walikuwa baba na mama tu. Baba aliifaidi nyumba yake ikiwa kamili kwa misimu michache, kisha akatutoka.

Sasa Mabula anajenga huko Dar. Ananipigia simu akilia kama mtoto: fundi amechelewa tangu Pasaka, vigae havijafika, nyumba itamwua. Watoto wake wameshaoneshwa nyumba hiyo kwenye simu, ina rangi na maua, kabla haijapata hata mlango, na wanagombea vyumba. Hawajawahi kugusa tofali lake. Siwalaumu. Wanaona nyumba ni kitu kinacholetwa, kama soda. Sisi tulicheza ndani ya nyumba yetu, tukala mahindi yake, tukauguza ndani yake, na ilikuwa bado haijawa nyumba.

Kila Desemba nakwenda kumwona mama. Yeye analala chumba kimoja cha nyuma, mimi kingine, vilivyobaki vina magunia ya karanga. Kule kibandani tulikuwa tunasikia kila mtu akipumua. Siku hizi mvua ikipiga juu ya bati namwita mama kutoka chumbani kwangu, na hanisikii.