Gari Ng'ambo ya Ziwa

Ile siku niliyompeleka mama yako kisiwani huwa inanirudia kila nikisikia gari limeachwa likinguruma langoni, na Jumapili iliyopita, mwanangu Mwenda, gari lenyewe lilikuwa lako. Ulimleta Kendi, mke wako wa wiki tatu, tumwone. Mkaketi kwenye ncha za viti, mkanywa chai nusu kikombe, kisha ukasimama ukasema, "Mama, tutarudi, leo tuna haraka kidogo." Injini haikuzimwa hata dakika moja. Usidhani nilikosa la kusema. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo ni yangu, niliyasema kabla hujazaliwa, na sasa yalikuwa yakitoka kinywani mwako.

Ndiyo maana nimekuita leo peke yako. Keti hapo. Hiyo simu iweke mfukoni, haitaoza. Tuongee polepole, mama yako amelala chumba hicho na usingizi wake siku hizi ni wa kuibia.

Nilikuwa kijana wa hapa hapa Githongo, na nilikuwa nimenunua pikapu nyeupe. Haikuwa mpya, nisijitie sifa za bure, lakini kijiji hiki wakati ule kilikuwa na magari ya kuhesabu kwa vidole. Nilibeba kahawa kupeleka kiwandani, nilibeba ndizi hadi soko la Meru, nilibeba wagonjwa, nilibeba maharusi. Watu waliacha kuniita Murithi, wakaniita Pikapu. Na mimi, mjinga mimi, nilifurahi! Kanisani nilikaa karibu na dirisha ili niione nje. Padre alikuwa akihubiri, mimi nahesabu watoto wanaogusa taa zangu.

Mama yako Wawira nilimtoa Mbeere, kule chini kwenye joto la Embu. Mama yake mzazi alimwacha akiwa hajaota meno, akalelewa na nyanya yake mzaa baba. Cucu, ndivyo wanavyomwita nyanya kwao. Jina lao lilikuwa moja, wote wawili Wawira, na desturi unaijua, ni moja na yetu: ukipewa jina la mtu, wewe na yeye ni mtu mmoja. Huyo Cucu aliishi juu ya kilima. Lile bwawa la umeme lilipojengwa kwenye Mto Tana, maji yalipanda yakameza mashamba yote ya bondeni, na kilima kikabaki kisiwa katikati ya ziwa. Wengi walihama. Cucu na jamaa wachache walikataa katakata. Wakabaki na mbuzi wao, mizinga yao ya nyuki na boti za mbao. Gari halijawahi kufika pale, hata baiskeli sikuiona.

Harusi yetu Cucu hakuja. Alikuwa mzee sana, na akipanda gari alitapika mpaka akazimia. Akatuma ujumbe: nileteeni huyo mume wangu nimwone. Ndiyo, alisema mume wangu. Kwa kuwa mimi nilimwoa Wawira, na yeye ndiye Wawira.

Sasa sikiliza vizuri, maana jambo lote liko hapa. Kwao binti akiolewa, yeye na mume wake hulala usiku mmoja kwa yule mwenye jina. Kukicha, kabla hawajaonja chochote, yule mzee hufungua kibuyu cha asali alichokiweka tangu siku ya posa. Huchovya kidole, akawapaka midomoni, akawatemea mate kidogo kifuani, akawaambia maneno yake. Wote wawili pamoja. Mmoja akikosekana, hakuna kilichofanyika. Na hakuna mtu mwingine anayeweza kumfanyia. Mama yako aliyajua hayo tangu utotoni. Harusi ya kanisani aliiona ni ya watu, hii ya Cucu ilikuwa yake. Safari nzima kutoka hapa mpaka Mbeere alikuwa akiimba, na wewe unajua mama yako haimbi.

Tulifika ufukweni karibu saa sita. Mwenye boti alikuwa mtu mzima anaitwa Njeru. Nikaiegesha pikapu karibu na akina mama waliokuwa wakiparua samaki, nikafunga milango, nikaizunguka mara mbili, nikajaribu kila mlango tena.

"Bwana, hilo gari haliendi popote," Njeru akasema. "Panda, tuvuke maji yakiwa yametulia. Upepo wa jioni huku si wa kuchezea."

Nikapanda roho mkononi. Sisi watu wa mlimani maji tuliyoyazoea ni ya mfereji na ya mto wa kuruka. Nilishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili. Lakini mama yako! Alivua viatu, akatia mkono majini, akaanza kunionyesha. Hapa chini palikuwa na shamba letu la mtama. Pale palipita njia ya kwenda shule. Pale nilianguka na mtungi, Cucu akanichapa kisha akalia yeye. Alikuwa ananipa utoto wake wote, mwanangu, kipande kwa kipande, kutoka chini ya maji. Na mimi nilikuwa nimegeuza shingo nyuma, natazama kitu cheupe ufukweni kinavyozidi kuwa kidogo. Leo ningetoa chochote nisikie tena vizuri alichokuwa akisema.

Cucu alitungoja kwenye mawe ya kando ya maji, na fimbo yake. Mwembamba, macho makali, meno mawili mbele. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe ndiye huyu mume wangu," akasema. "Umenunua gari na mimi hata mtumbwi hujaninunulia?"

Watu wote wakacheka, mimi pia nikacheka. Akanishika mkono, akapanda kilima nao bila kuuachia. Nyumbani mwake palikuwa pamefagiliwa mpaka mchanga ulikuwa na mistari. Alikuwa ametutandikia kitanda chake mwenyewe. Kibuyu kilining'inia juu ya mlango wa ndani, kimefungwa kwa kamba, na mama yako alipokiona akafunika mdomo kwa mkono. Tukapewa uji wa wimbi na kunde na samaki. Samaki nilimla kwa shida, hatukulelewa nao, na Cucu akaniambia nitafune polepole, kesho nitazoea.

Baada ya kula nikatoka nje. Nilijidanganya kwamba naenda kunyoosha miguu, kumbe natafuta mahali pa kuona ng'ambo. Nikapaona. Pikapu ilikuwa nyeupe kama punje ya mahindi. Na juu yake niliona vitu vyeusi vinatembea.

Nikajua ni wezi, wananifungulia magurudumu. Nikashuka mbio mpaka nyumbani. "Wawira, tunaondoka. Wanaiba gari!"

Mama yako alikuwa amekaa chini, amemlalia Cucu magotini, anasukwa nywele. Hakuinuka. "Murithi, ni usiku mmoja tu," akasema. "Kama wanaiba, kabla hatujavuka watakuwa wameshamaliza."

Alikuwa amesema kweli tupu, na nilijua. Lakini nilipandwa na hasira ya mtu anayejua amekosea. Nikamwambia, mbele ya Cucu, "Wewe baki ukitaka. Mimi naenda." Nikaongeza, "Tutarudi Pasaka, leo tuna haraka."

Unasikia hayo maneno?

Bibi arusi mchanga aachwe na mume wake kwao, watu wamwone? Na hata angebaki, asali isingepakwa kwa mtu mmoja. Akasimama, nywele nusu zimesukwa nusu ziko wazi, akafunga kitambaa kichwani. Hakulia. Cucu hakunikasirikia, heri angenikasirikia. Alinipapasa bega akasema, "Nenda, mume wangu. Gari lako linakuita. Mimi nipo."

Njeru alikataa, nikambembeleza, nikamtisha, mwishowe akakubali kwa ajili ya Wawira. Upepo ulikuwa umeshaanza. Mawimbi yaliingia botini, mama yako akawa anachota maji kwa sufuria, mimi natapika kama Cucu ndani ya gari. Nilidhani tumekwisha. Tulipofika ufukweni tumelowa chapachapa, nikakimbia kwenye pikapu yangu.

Mbuzi. Mwanangu, walikuwa mbuzi! Wanne juu ya boneti na mmoja juu ya paa, wanaota jua na kuacha kinyesi. Akina mama wa samaki walikuwa pale pale, gari halijaguswa na mtu. Njeru aliwatazama mbuzi, akanitazama mimi, akaanza kuifunga boti yake.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Kuwakimbilia mbuzi lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga husamehewa. Kosa langu hasa lilikuja baadaye. Mama yako alisema kwa sauti ndogo, "Tulale kwa huyu Njeru, asubuhi upepo ukitulia turudi kabla hatujala." Bado ilikuwa inawezekana. Cucu angetucheka, na kicheko kingefika mpaka kwa wajukuu wa wajukuu. Na hicho kicheko ndicho nilichokiogopa. Mimi, Pikapu wa Githongo, nirudi niseme ilikuwa ni mbuzi? Nikawasha gari. Tukaja nyumbani, na kitambaa chake kikiwa bado kimelowa.

Pasaka haikufika. Mvua za masika zilianza, nikawa na kazi nyingi, na katikati ya mvua hizo katekista wa kwao akaleta habari. Cucu alilala jioni, asubuhi hakuamka. Tulivuka tena ziwa kwenda kumzika, na mara hii nilimsikiliza Njeru nikavuka saa aliyotaka. Shangazi wa mama yako alitutolea kile kibuyu. Akasema kila Jumamosi Cucu alikuwa akikishusha, anakipangusa vumbi, anatandika kitanda, anasema huenda mume wangu atakuja kesho. Nililia mbele ya watu, mwanangu, nililia kama mtoto. Mama yako alikipokea kibuyu kwa mikono miwili akakifunga mgongoni kama anavyofungwa mtoto.

Hajawahi kunilaumu. Ila tangu siku hiyo hakukaa tena ndani ya pikapu ile. Alibeba ndizi mgongoni mpaka sokoni, mimi nikimpita na gari tupu, na watu wakiniuliza mke wako ana nini. Nikamuuzia mtu wa Kanyakine hilo gari nikaanza kutembea naye kwa miguu. Ndipo nilipomjua mke wangu, njiani, kwa miguu.

Kibuyu unakijua. Ni hicho kilichoning'inia juu ya mlango wa jikoni tangu uzaliwe, ulichochapwa kwa kukigusa ukiwa darasa la pili. Ukauliza kina nini, tukakuambia ni cha Cucu. Hakikuwahi kufunguliwa. Lakini Jumapili asubuhi mama yako aliniita nimshikie kiti, akakishusha. Alikifungua kamba kwa meno kwa sababu vidole vyake havina nguvu tena. Asali imeganda, imekuwa nyeusi, lakini haijaharibika. Akaniambia, "Mimi sikupakwa, na siwezi kujipaka. Lakini jina ni langu, kwa hiyo sasa mimi ndiye Cucu, na kibuyu ni changu. Naweza kumpaka Mwenda na Kendi." Akatandika kitanda chetu, akatoa yale mashuka ya harusi. Akavaa gauni la buluu akakungoja.

Ulipoondoka alikaa kidogo. Kisha akaifunga ile kamba tena, nami nikakirudisha kibuyu juu ya mlango. Hakunung'unika, alisema tu, "Nipo," na mimi nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye mibuni kwa sababu nilijua nani alisema hivyo kabla yake.

Daktari wa Meru ametuambia moyo wake umechoka, na wewe ulisikia. Sikutishi. Nakwambia nilichokijua nikiwa nimechelewa: mzee anayekungoja hataki ulichobeba, anataka usiku wako. Hicho ndicho kitu pekee ambacho huwezi kumtumia kwa simu wala kumlipa baadaye. Mke wako akikuonyesha alikotoka, geuza shingo umtazame yeye. Ukikosea, rudi siku hiyo hiyo, hata wakikucheka. Waache wakucheke mpaka wachoke. Kicheko kinaisha kabla ya chakula cha jioni, lakini mimi majuto haya yamenifuata maisha yangu yote.

Basi nenda ukamchukue Kendi. Gari liache kule barabarani kwa jirani, mje kwa miguu, mama yako asisikie injini kabisa. Mlale hapa usiku huu, na asubuhi msile kitu kabla hajawapaka.

Na Mungu aliyemlinda mama yako juu ya maji yale awalinde ninyi wawili. Awape nyumba ambayo mtu akiingia anavua viatu, hatazami mlango. Mzae, mumpe mmoja jina Wawira, na siku atakapowaita mlale kwake, miguu yenu iwe myepesi. Nenda sasa, mwanangu. Nasikia anakohoa, ameamka, na mimi naenda kumsaidia kukishusha kibuyu.