Shangazi Anataka Niseme Ufunguo Nilimpa Sista

Admin shikamoo, na shikamooni wote mlionizidi umri. Naomba jina langu lisitokee, wala la hospitali. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kwenda chuo cha uuguzi. Mimi si muongeaji. Shuleni mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo, lakini sauti haitoki, ndiyo maana nimeona bora niandike.

Nyumbani ni Issuna, mama analima alizeti. Tangu nimalize shule naishi kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Shangazi ni mkuu wa wauguzi, pale hospitali wote wanamwita Metroni. Ndiye aliyeahidi kunisomesha, na ndiye aliyeniombea nijitolee wodi ya wazazi, nitandike vitanda na kufua mashuka, ili chuoni nisiende mgeni wa kazi.

Wodini kulikuwa na mashine moja ya oksijeni. Iliharibika kwa kuhamishwahamishwa, leo iko kwa watoto, kesho iko upasuaji, na shangazi ndiye aliyeitwa kwa wakubwa kujieleza. Ilipoletwa mpya aliifungia stoo, akaifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni, ili wakaguzi wa mkoa wakija waikute inang'aa. Ufunguo anatembea nao kwenye mkoba. Siku moja tukichambua mlenda nilimuuliza, "Shangazi, mtoto akizaliwa amechoka je?"

Akacheka. "Mashine ikiharibika naulizwa mimi. Mtoto akifa anaulizwa aliyekuwa zamu. Shika hilo, uongozi wote umeishia hapo."

Jumamosi moja alikwenda msibani Mungaa. Mchana akaletwa dada wa umri wangu, mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Zamu alikuwepo Sista mmoja tu, nimwite Sista Rehema, ambaye alikuwa ananifundisha kazi bila kunifokea. Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Mtoto alitoka bila kulia. Sista akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono mpaka akaanza kuvuta pumzi, lakini kidogo kidogo, na midomo ilibaki ya bluu. Akaniambia bila kugeuka, "Mdogo wangu, mpigie Metroni. Muulize ufunguo wa stoo uko wapi. Weka sauti kubwa nisikie."

Shangazi alipokea, nikasikia watu wanaimba nyuma yake. "Ninao huku, kwenye mkoba." Nikamwambia Sista anaomba ruhusa mlinzi avunje kufuli.

"Mwambie Rehema mikono aliyopewa na Mungu inamtosha. Na mlinzi akigusa kufuli langu, kesho arudi kwao akachunge mbuzi."

Akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Mlinzi alikuwa amesimama pale mlangoni, ameshika chuma. Akakiweka chini. "Nina watoto, Sista."

"Na huyu ni nini?" Sista akamuuliza, huku mikono yake haijaacha kubonyeza ule mfuko.

Yule dada kitandani alikuwa anauliza tu, mbona halii, mbona halii. Daktari alipotoka upasuaji, mtoto alikuwa tayari amefunikwa.

Jumatatu kwenye ripoti ya asubuhi, wauguzi wote wakiwa wamesimama, shangazi alimwita Sista mbele. "Sogea hapo katikati, wenzako wakuone vizuri. Mashine ipo stoo, wewe unabonyeza mfuko kama unapuliza moto wa kuni. Ufunguo nilimwachia binti yangu akupe." Kisha akanigeukia. "Binti, si ulimpa?"

Watu wote wakanitazama. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua, lakini halikutoka neno. Nikainamisha kichwa. Shangazi akasema, "Mnamwona, anamwonea huruma. Hataki kumchongea."

Jioni nyumbani alichukua simu yangu, hajanirudishia. Akanipakulia ugali akasema, "Alhamisi kamati itakuita. Utasema ulimpa. Ukisema hukumpa, maana yake uliukalia wewe, na aliyeua ni wewe. Haya kula, usinifanye nionekane mkatili."

Mlinzi ameshasema kwamba mchana ule alikuwa geti la nyuma, hakusikia kitu. Niliazima simu ya jirani nikampigia mama, nikamweleza yote. Mama akasema, "Wadogo zako wanasoma kwa nani? Usituletee aibu, mwanangu. Huyo Sista ana ndugu zake wa kumlilia."

Jana nilimkuta Sista Rehema kwenye kamba za kuanikia mashuka, amesimamishwa kazi, amekuja kuchukua vitu vyake. Nikamwamkia. Nilitaka kumwomba msamaha. Akanitazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Ulinyamaza vizuri sana, mdogo wangu. Utakuwa metroni mzuri kuliko shangazi yako." Akachukua begi lake akaondoka. Shangazi ameshaniambia maneno mengi, lakini nililolilia ni hilo la Sista.

Alhamisi ni kesho. Nikisema kweli, chuo sina, kwa shangazi sina pa kulala, na mama amesema nisirudi na kesi. Nikisema anavyotaka shangazi, Sista ananyang'anywa leseni na huenda akashtakiwa, na mimi nitavaa nguo nyeupe za uuguzi zilizotokana na uongo huo. Naandika kwa simu ya jirani, na maoni yenu nitayasoma humu humu. Dada zangu na kaka zangu, mama zangu mliomo humu, msiniambie tu niwe jasiri, maana sijui jasiri anaanzaje. Nikishasimama mbele ya kamati, na shangazi amekaa pale ananitazama, neno la kwanza niseme lipi?