Siku Viti Vyangu Vilipoota Jua

Mniache basi. Kila baridi ikirudi, wamama wa kanisa wananisumbua: andika, Mama Laurette, andika ile habari. Mkono wangu umezoea kufunga mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo, kalamu haijui. Lakini mwenzao Marie-Louise anaisimulia vibaya, anajifanya hakulia sana. Kwa hiyo naandika mwenyewe.

Ilikuwa 2013, mwezi wa saba, hapa Umbilo. Watu wa Johannesburg wanatucheka, eti Durban hakuna baridi. Waje walale kwangu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Habari za jua naletewa na watu. Mwaka ule magoti yalikuwa yamenitoa sokoni, na baridi ilipoingia, mimi nikaingia kwenye blanketi. Homa sikuwa nayo. Moyo tu ulikuwa mzito, hata kuchemsha chai niliona ni kazi ya wanaume wawili. Kanisani siendi, simu sipokei.

Binti yangu Laurette, anayekaa Queensburgh na mume wake, akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, Jumapili nikikukuta kitandani tena, nakubeba. Chumba tunamrudishia mwenye nyumba."

"Unibebe? Mimi ni gunia?"

"Jumapili, Mama."

Nilishtuka. Kule Queensburgh kila mtu amejifungia nyuma ya ukuta na mbwa wake. Na chumba hiki nilikipata kwa jasho langu, ufunguo ni wangu.

Nikamwita jirani yangu Inès, binti Mrundi anayesuka nywele mjini. Nikamweleza maneno ya Laurette, nikamwuliza wateja wake wanafanyaje na baridi hii.

"Dawa haiko mbali, mama. Pale nyuma kwenye parking jua linapiga asubuhi yote. Toa kiti, ukae."

"Nikae nje kama nguo iliyoanikwa?"

"Kama hutaki, hata Queensburgh kuna jua."

Binti ana mdomo yule.

Jumamosi nikaamka. Mimi kitu sifanyi nusu. Nilitoa kiti kimoja, nikaona vingine navyo vinanuka ukungu, nikavitoa vyote. Meza nayo. Godoro nikalivuta, nikaliegemeza ukutani lipate jua. Hapo nguvu zikaisha. Nikasema nijinyooshe kidogo kwenye mkeka, kisha nitoke nami. Pazia sikulifungua. Nikajifunika kitenge mpaka kichwani, usingizi ukanichukua.

Ninyi mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Mtu hajaonekana siku nyingi, viti vyake vyote nje, godoro nje, pazia limefungwa. Kwetu Uvira, kule Kongo, hiyo ina maana moja: ndani kuna maiti, vyombo vimetolewa ili wamama wapate pa kukaa chini. Papy, yule wa kutengeneza simu, alipita, akaona, akavua kofia. Akapigia watu wote simu.

Na kwenye kilio hakuna hodi. Unaanza kulia tangu getini.

"Mama Laurette weee! Umetuacha na nani!"

Nikafikiri naota. Wamama wakaingia na mikeka na sukari ya kilio, Marie-Louise mbele, akajitupa chini, akanikamata miguu. Miguu ilikuwa ya baridi. Ilikuwa ya baridi tangu mwezi wa tano! Akazidi kupiga kelele. Nje Mzee Méthode wa kanisa alishaanza: "Dada yetu alikuwa mpole, hakugombana na mtu..."

Hapo nikainuka, nikakaa.

"Nani mpole?"

Eish! Mpaka leo mwili unanisisimka. Marie-Louise alitoka kinyumenyume, kilemba kikabaki kwangu. Mzee Méthode Biblia ilimdondoka. Papy aliliangusha godoro langu, akalikanyaga na viatu vyake. Mama mmoja akaanza kukemea pepo kwa jina langu kamili. Na mimi niliogopa kuliko wote. Mtu kuamka katikati ya msiba wake mwenyewe! Nikaziangalia zile nyuso. Machozi yalikuwa ya kweli, hata kwa watu niliodhani wamenisahau.

Inès akachungulia. "Mama, uko mzima?"

"Nilikuwa mzima mpaka mlipokuja."

Mtu akacheka, wote wakacheka. Marie-Louise akataka kubeba sukari yake arudi nayo.

"Umeileta kwangu, inabaki kwangu," nikamwambia. "Weka chai."

Tukatoka, tukakaa kwenye vile viti, juani. Nikamwamuru Mzee Méthode arudie hotuba yake, nimsahihishe. Jua likaniingia mpaka kwenye mifupa. Kulala sikukumbuka tena.

Laurette akafika anakimbia, mguu mmoja una kiatu. Papy alikuwa amempigia naye, kisha hakuna aliyekumbuka kumwambia nimefufuka! Alinikuta na kikombe mkononi, nabishana na Méthode. Akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pangu, akalia kama alivyolia akiwa mdogo. Nikashtuka upya. Nilidhani mtoto huyu amenichoka.

"Kesho Jumapili," nikamwambia. "Utanikuta kitandani?"

Akatikisa kichwa.

"Utanikuta hapa. Uje na kiti chako."

Alikuja nacho, na chumba bado ni changu. Tangu hapo kila baridi tunatoa viti, na Marie-Louise anapiga simu kwanza: "Kuna kilio au tunaota jua?"

Sasa wewe uliyesoma. Kwenye jengo lako iko mtu mwenye pazia lililofungwa, na unamjua. Nenda leo, gonga mlango wake akiwa bado anaweza kukufungulia, mtoe nje akae juani. Halafu uje Umbilo unieleze alikujibu nini. Nakungoja, na sukari uje nayo.