Mtani Aliyeweka Sahihi

Kilichomuuma Taraivini Dauvere siku ya kwanza ya mafunzo kilikuwa salamu. "Habari za asubuhi, mama," aliambiwa na Peceli Rasaku pale kwenye meza ya chai, kwa adabu zote, kichwa kimeinamishwa kidogo. Taraivini alibaki amesimama na kikombe mkononi akingojea iliyobaki, kwa maana tangu amjue Peceli, salamu yake haikukosa mkia. Mkia haukuja. Peceli alichukua andazi moja, moja tu, akaenda kukaa.

Taraivini ni mtu wa Delaivuki na Peceli ni mtu wa Nawaqadra, na vijiji hivyo viwili vinataniana tangu mababu walipogombea kaa mmoja juu ya mwamba. Mtani hukutukana, hula chakula chako, hubeba kitu chako ukimwona kwa macho yako mawili, nawe huna pa kushtaki. Dawa yake ni kwenda kwake kesho ukafanye vilevile. Mwenye makosa ni yule anayenuna. Lakini mtani akianza kukuheshimu, basi ujue amekuhesabu mgeni, na hakuna ugeni mbaya kama wa mtu aliyekwisha kukujua.

Walikutana kwenye mafunzo hayahaya ya mashirika ya kujitolea, miaka ishirini na miwili nyuma, wakati bado yakifanyika katika ukumbi wa kanisa hapa mjini Suva. Wakati huo hakukuwa na hoteli wala kipoza hewa. Walikaa kwenye mikeka, na mvua ikipiga juu ya bati mwezeshaji alinyamaza, akaandika ubaoni mpaka imalizike, nayo mvua ya Suva huwa haina haraka. Taraivini alikuwa mgeni. Kikundi chake cha kuwatembelea wazee wasioweza kuinuka kitandani kilikuwa na wanawake watano na baiskeli moja isiyo na breki, na aliposimama kujitambulisha miguu ilimtetemeka.

"Mimi ni Taraivini, natoka Delaivuki," alisema.

Sauti ikatoka nyuma kabisa, nzito: "Fungeni madirisha. Shikeni mikoba yenu."

Ukumbi mzima ukacheka. Taraivini akageuka, akaona jibaba la miguu mikubwa limejilaza ukutani. Ndiye Peceli, fundi seremala, aliyewatengenezea vilema magongo na njia za kupandishia viti vyao vya magurudumu. Miguu ya Taraivini ikaacha kutetemeka palepale.

"Nimesikia sauti ya Nawaqadra," alisema. "Jamani, kama kuna mwenye chakula, akile sasa."

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Siku ya kwanza Peceli aliiba pepeo lake la ukindu, akajipepea nalo kutwa nzima huku akimtazama. Siku ya pili, samaki wa nazi alipoletwa na magimbi, alichomoa kichwa kwenye sahani ya Taraivini, na kila mtu wa hapa anajua kichwa ndicho samaki mwenyewe. Taraivini naye alimfichia miwani, na mwaka mmoja alimshonea mifuko ya sulu yake, ile nguo ya kiunoni, wakati ameivua kwenda kuoga. Katikati ya hayo walijifunza kuandika maombi ya ufadhili, walibandika vikaratasi vya rangi ukutani, na walirudi makwao wakiwa na nguvu ya mwaka mzima. Ukimuuliza leo Taraivini alijifunza nini katika mafunzo yote yale, atakutajia mambo mawili matatu kuhusu ripoti, kisha ataanza habari za Peceli.

Mume wake alipofariki, watu walijaa nyumbani kwake siku nne, wote wakinong'ona kana kwamba yeye ndiye aliyekufa. Siku ya mazishi Peceli alifika kwa boti, nguo zimelowa, akapiga magoti kando ya jeneza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Shemeji, umeona ukimbie. Sikulaumu. Mimi huwa nakaa naye siku tatu tu kwa mwaka, na bado nachoka." Taraivini akacheka, na kicheko kikafungua kilio alichokuwa amekiziba siku zote nne. Peceli alipoondoka alikunja mkeka mzuri kuliko yote, akauweka begani, akaenda nao. Ndiyo haki ya mtani. Usiku ule Taraivini alilala usingizi.

Ndiyo maana ile "habari za asubuhi, mama" ilimwingia kama mwiba. Mafunzo haya yalikuwa yake ya mwisho. Goti lilikuwa limekataa, na kikundi, sasa kina watu arobaini, alikuwa amemkabidhi mwingine. Mchana wa siku ya pili samaki alikuja. Alijisogeza makusudi mbele ya Peceli na sahani yake, kichwa cha samaki kimeelekezwa upande wake. Peceli alikitazama kile kichwa kwa muda. Kisha akachukua kichwa cha sahani yake mwenyewe, akamwekea Taraivini.

"Karibu, mama. Ule wewe."

Taraivini alikaa na vichwa viwili mbele yake, na hakuweza kumeza hata kimoja.

Alikwenda moja kwa moja kwa Arieta, ofisa wa mafunzo, binti wa watu wa hapahapa aliyekulia Brisbane na kurudi miaka miwili iliyopita na elimu yake. Alikuwa msichana mzuri, mchapakazi, na kuwaamkia wakubwa alikujua.

"Peceli ana nini?" Taraivini aliuliza. "Mbona ananiita mama? Anaumwa?"

Arieta alifunga mlango. "Shangazi, ina maana hukupata barua yetu? Tulishughulikia malalamiko yako."

"Malalamiko gani?"

Arieta akafungua faili, akatoa fomu ya tathmini ya mwaka uliopita. Taraivini aliutambua mwandiko wake kabla hajavaa miwani. Fomu iliuliza: Je, kuna mtu aliyekukera au kukudhalilisha wakati wa mafunzo? Eleza. Naye alikuwa ameeleza: Peceli Rasaku. Ameniibia pepeo siku tatu. Amekula kichwa cha samaki wangu. Ameniita mkungu wa ndizi mbele ya watu. Afungwe.

Aliyakumbuka yote. Peceli alikuwa ameketi ubavuni pake, akichungulia. "Usisahau kuandika ni tangu mwaka ule wa kwanza," alimwambia, "wasije wakadhani nimeanza juzi." Walicheka mpaka wakafukuzwa waende kucheka nje.

"Mwanangu," Taraivini alisema taratibu, "huyu ni mtani wangu."

"Naye alisema hivyo mbele ya kamati ya malalamiko. Imeandikwa hapa: mtuhumiwa anadai ni utani." Arieta alishusha sauti. "Wote husema ni utani, shangazi."

Mbele ya kamati Peceli aliondolewa kufundisha somo la useremala alilokuwa akilifundisha kwenye mafunzo, na alipewa karatasi ya ahadi atie sahihi. Arieta akamwonyesha. Iliandikwa kwamba yeye, Peceli Rasaku, hatamwambia Bi. Taraivini Dauvere neno lolote la kejeli, dhihaka au utani, kwa mdomo wala kwa maandishi, maadamu mama huyo yu hai. Chini yake palikuwa na sahihi kubwa, ya mkono uliozoea randa. Taraivini aliisoma mara mbili. Kilichomchoma zaidi ni yale maneno ya mwisho, maana Peceli hakuwa mtu wa kuweka sahihi halafu akavunja ahadi.

"Nafuta," alisema. "Nipe fomu nifute."

"Malalamiko yakishapokelewa hayafutwi." Arieta alikuwa na machozi karibu, na hilo ndilo lililomnyima Taraivini hasira. "Wanawake wengi huja kufuta, shangazi. Ukiwauliza, utakuta wamebembelezwa, au wametishwa. Tukikubali kufuta kwa mmoja, tutafuta kwa wote."

Katika nyumba za wagonjwa alizoingia miaka yote ile, Taraivini alikuwa amewaona wanawake wa namna hiyo, wamejifunika kitambaa usoni wakisema wameanguka bafuni. Msichana alisema kweli. Ila ukweli wake ulikuwa wa watu wengine.

"Basi nikuulize," alisema mwishowe. "Siku nikifa, nani atakuja kunitukana?"

Arieta hakuelewa, na Taraivini hakuwa na nguvu ya kumwelewesha. Alijiona amelala ndani ya jeneza, watu wapole wamemzunguka wakimsifu. Bi. Taraivini alikuwa mcha Mungu, Bi. Taraivini alikuwa nguzo. Siku nne za kunong'onezwa, na binti yake amekaa pembeni, kilio kimemkwama kooni, asiwepo wa kukifungua. Na yeye ndiye aliyejifanyia hayo kwa kalamu yake mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao, naye lake alikuwa amelila na Peceli.

Siku ya tatu walikwenda kufungia mafunzo katika ukumbi wa zamani wa kanisa, jambo pekee ambalo wakubwa hawakuthubutu kulihamishia hotelini. Viatu viliachwa mlangoni kama zamani. Taraivini alivua vyake kwa uangalifu. Vilikuwa vipya, vyeupe, vyenye vifungo vya kung'aa, binti yake alimletea kutoka Sydney kwa ajili ya siku hii. Ndani kulikuwa na mikeka, bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi, na bati lilelile. Mvua nayo ikaja, ikapiga, mwenye kuhutubia akanyamaza katikati ya neno "mkakati," na wazee wote wakatazamana wakatabasamu. Taraivini alishindwa kujizuia, akamtafuta Peceli kwa macho pale ukutani alipozoea kujilaza. Alikuwa amekaa wima, anatazama mbele.

Wakamwita Taraivini mbele, wakamvisha shada, wakampa cheti. Walimsifu kwa dakika ishirini. Kila sifa ilipotajwa alingojea sauti nzito kutoka nyuma iseme jambo lolote, hata kukohoa. Hakukohoa mtu. Aliporudi kuketi, mahali pa Peceli palikuwa patupu. Ameondoka bila kuaga, aliwaza, na moyo wake ukalegea kabisa, kwa kuwa sasa hakukuwa na kilichobaki cha kungojea.

Mvua ilipokatika watu walitoka mmoja mmoja. Taraivini alibaki mwisho kwa sababu ya goti. Alipofika mlangoni, viatu vyote vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa isipokuwa jozi moja ya makubadhi ya mpira, makubwa mno, kisigino kimelika upande, kamba moja imefungwa kwa waya wa seremala. Vyake vyeupe havikuwepo.

"Shangazi, viatu vyako vimeibwa?" Arieta alikuwa amemfuata nyuma. "Ngoja nimwite mlinzi."

Taraivini alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Ile karatasi ilimrudia neno kwa neno. Kwa mdomo wala kwa maandishi. Hawakuwa wameandika habari za mikono.

"Usimwite mtu," alisema. "Nipe mkono tu nivae."

Alitumbukiza miguu ndani ya yale makubadhi, akashuka ngazi akiyaburuza. Getini, chini ya paa la mlinzi, Peceli Rasaku alisimama peku kwenye dimbwi, amejitundika shingoni viatu vyeupe vya kike kama shada, uso umeelekezwa barabarani kwa utulivu wa mtu asiyejua lolote. Hakutamka neno. Wala Taraivini hakuhitaji atamke, maana yeye hakuna aliyekuwa amemwekesha sahihi.

"We mwizi," alianza, na sauti ikampasuka kidogo. "Mtoto wa wezi, mjukuu wa wezi. Ningejua nimekuja kukaa ukumbi mmoja na Nawaqadra ningekuja na mbwa. Unanyamaza? Siku tatu unaniita mama, mama yako nani? Mimi ningezaa kitu kama hiki ningekirudisha." Alimpa ya mwaka mzima, yote aliyomwekea, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye shada, na watu wakasimama njiani kusikiliza. Peceli aliendelea kutazama barabara. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakimtikisika.

Arieta alisimama ngazini, mkono mdomoni. Hakuandika kitu.

Taraivini alipoishiwa pumzi alijifuta uso, akavisogelea viatu vyake, akavigusa, asivichukue.

"Kaa navyo," alisema. "Lakini siku ya kunizika uje navyo, umesikia? Uje navyo, na useme pale mbele yote uliyonibania. Nikishakufa karatasi yao imekwisha."

Peceli hakujibu, kwa kuwa alikuwa ameweka sahihi. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kwamba atakuja.