Mchanga wa Samaki wa Daktari

Jumanne, tarehe nne mwezi wa tatu, mama alifariki hapa Kasulu, na Alhamisi tukamzika Murungu, upande wa Kibondo. Tangu hapo, nikinusa mchanga mbichi namwona ameinama mtoni, sketi ameipandisha magotini, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa daktari mmoja mwanamke, mtu wa Tanga, aliyehamia kwetu na tangi la kioo la samaki wa baharini. Maji aliyachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu, lakini mchanga wake wa pwani ulimwagika safarini. Akamwomba mama amtafutie mwingine.

Mama alileta aina tatu kwenye sahani. Mwekundu wa korongoni uligeuza maji kuwa kama chai. Mweupe wa bondeni ulipendeza macho, ila ulikuwa laini kama unga wa muhogo, na ukitiwa majini ulielea saa nzima. Wa tatu ulitoka mtoni, rangi ya karanga zilizomenywa, punje zake kama ulezi. Daktari alipitisha juu yake sumaku ya spika mbovu ya redio, maana chuma huwadhuru samaki wale, na chembe nyeusi zilizonasa zilikuwa chache mno. Akausugua kiganjani kuona kama unakwaruza, akasema ni huo.

Kuchekecha na kuosha nilipewa mimi. Sharti la mama lilikuwa moja: maji ya kusuuzia nikiyamimina kwenye beseni, ua lililochorwa chini lionekane wazi. Ndoo ya mwisho, kilima cha kutoka mtoni kilinishinda. Nikaichota kwenye rundo la mafundi waliokuwa wakijenga kwa jirani, penye vumbi la saruji, nikaiosha mara moja tu. Mama aliponiuliza nikasema mchanga wote ni wa mtoni, naye akamwambia daktari hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye, asubuhi, samaki mmoja wa manjano, mwembamba kama kidole, hakuonekana. Daktari akamuuliza mama kama kuna kitu kingine kilichoingia tangini. Mama akajibu hakuna, na Mungu anamwona. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale jikoni, nikisikiliza. Angeweza kufukuzwa kazi, na uongo ule nilimtia mdomoni mimi. Jioni nikamwambia.

Hakunipiga. Aliepua maharage, akanishika mkono tukarudi kwa daktari.

"Daktari, asubuhi nilikuapia," alisema. "Haikuwa kweli. Ndoo moja ni ya mchanga wa mafundi."

Daktari alitutazama wote wawili, akauliza ni upande upi. Nikaonyesha kona. Akaanza kuuchota kwa kijiko, taratibu, na kwenye kijiko cha nne au cha tano mchanga ukatikisika wenyewe. Samaki akachomoka, mzima, akakimbilia nyuma ya jiwe. Daktari akasema kumbe hulala humo, naye amemlilia tangu asubuhi. Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

"Ni kama huyu wangu," alisema. "Akiona kazi, anajificha."

Sijui kama vumbi lile lingewadhuru samaki. Hatukungoja kujua, tuliutoa mchanga ule wa mafundi wote.

Siku hizi kijana wangu hunionyesha kwenye simu mchanga wa matangi ukiuzwa kwenye mifuko, umeshaoshwa, rangi na punje unachagua mwenyewe. Ni rahisi, na siulaumu urahisi. Mimi tangu mwaka ule nimesema uongo mwingine, tena si mdogo, lakini mama sikumdanganya tena. Wiki moja kabla hajafa aliniuliza kama wauguzi wamesema atapona. Ndugu zangu walikuwa wamekubaliana tumpe matumaini, na dada yangu alinikonyeza.

"Hapana, mama," nikasema. "Wamesema hutapona."

Uso wake, uliokuwa umekaza siku nyingi, ukalegea.

"Urakoze, mwana wanje," alinishukuru kwa Kirundi, lugha ya utotoni mwake. Kisha akaomba nimgeuzie mto, akalala.