Dawa ya Kifua Niliyoitia Kwenye Sufuria

Nichekeni, mie nimeshajicheka kwanza. Nimepikia kuni mpaka mapafu yakavimba, kliniki wakanipa dawa mpya ya kuvuta kwa kimashine. Eti chembe zake ni ndogo hata jicho halizioni, zinakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe. Nikabetua mdomo. Dawa haina harufu, haichomi, kimoshi chembamba kama pumzi ya kuku, hiyo imtibu nani? Nimelea wanangu wote kwa kuwafukiza, leo nifundishwe kuvuta na kadaktari hata ndevu hakajaota?

Kila siku nikaimimina kwenye sufuria ya mwarobaini inayochemka, nikajifunika blanketi.

Siku ya kurudi, kadaktari kakanipima, kakatikisa kichwa. “Bibi, kifua hakijafunguka hata kidogo. Dawa hii haikufai. Tunaisitisha, utatembea na mtungi wa oksijeni.”

Mie huyu niburute mtungi Tegeta nzima, mashoga zangu wananitazama? Nikamkaripia mbele ya benchi zima la wagonjwa: “Usinisingizie, mtoto wewe. Naitumia kila siku, mpaka blanketi linalowa jasho.”

Kakaweka kalamu chini. “Shikamoo tena, bibi. Kimashine kile hakina moto. Blanketi la nini?”