Kidonge cha Nywele za Khasandi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Malinya, nilimtakia dada yangu upara. Sisemi kwa mzaha. Nilimtakia kwa moyo wangu wote, na njia ya kuupata niliijua.

Khasandi alinizidi miaka miwili, na kwa nywele alinizidi mara kumi. Zake zilikuwa nyeusi, nzito, za kujaza mkono. Zangu zilikuwa haba, zikikatikia kwenye kitana. Kila Jumamosi mchana nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alitandika gunia mbele ya jikoni akatusuka matuta ya kwendea kanisani. Alianza na mimi. Dakika kumi tu, kisha kofi dogo begani: "Enda ucheze." Halafu Khasandi aliketi katikati ya magoti yake, na hapo saa mbili nzima zilikwisha. Kukhu alivuta, akasuka, akafumua, akarudia akikaza zaidi, huku akimsimulia mambo ya usichana wake ambayo mimi sikuwahi kusimuliwa. Jumapili kina mama wa kanisa walimpapasa dada kichwa, kisha wakanigeukia, "Na wewe, zako zilienda wapi?"

Wivu ulinila. Hata sasa ninapoandika haya bado ninao.

Kazi yangu ilikuwa kuokota nywele zilizoanguka na kuzitia motoni. Kukhu hakuwa na mchezo na jambo hilo.

"Okota yote, Mmbone," aliniambia. "Ndege anachukuanga nywele ya mtu anajengea nyumba. Akishalalia mayai juu yake, mwenyewe anabaki na kichwa kama kibuyu."

Jumamosi moja niliziokota za Khasandi, nikazifinyanga zikawa kidonge, lakini motoni sikuzipeleka. Nilizunguka nyuma ya choo, kwenye mti ambapo ndege wa manjano walikuwa wakisuka viota, nikakichomeka kidonge kile penye panda ya tawi. Kesho yake, tuliporudi kanisani, hakikuwepo. Kwenye kiota kimoja kulikuwa na uzi mweusi ukipeperuka. Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi sana.

Wiki zikapita, na nywele za dada zikazidi kunawiri. Nilimkasirikia ndege, kisha nikasahau. Kukhu alifariki tukiwa sekondari.

Mvi zilinianza nikiwa na miaka ishirini na tano, juu ya masikio. Ofisini kwetu mjini Kakamega vijana wa kazi wakaanza kuniita shosho, yaani bibi kizee. Nilinunua rangi, nikachoka nayo, nikaziacha. Mama naye alipata mvi mapema, kwa hiyo sikumtafuta mchawi. Kilichonishtua ni Khasandi.

Siku hizi anafundisha karibu na Bukura. Mwaka jana alinitembelea Jumamosi moja, akafunga mlango wa chumba changu, akavua wigi. Kuanzia kwenye paji la uso hadi katikati ya kichwa palikuwa ngozi tupu, inang'aa. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

"Ilianza nikiwa na ishirini na sita," alisema. "Nimeficha mpaka nimechoka."

Niliketi kitandani. Sauti ya Kukhu niliisikia kama yuko mlangoni. Nikamwambia dada yote: kidonge, mti, uzi mweusi kwenye kiota.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Daktari wa ngozi aliniuliza nani alikuwa ananisuka nikiwa mdogo. Alisema mizizi ilivutwa miaka mingi mpaka ikachoka. Huku mbele haiwezi kuota tena." Akajishika kipajini. "Nilikuwanga nalia usiku, Mmbone. Nalala uso kwa mto, kichwa kinauma. Na mchana wote wewe ulikuwa unaruka kamba. Nilikuonea wivu mpaka nikawa naombea nywele yako ikuwe, ndio na wewe uvutwe."

Kumbe tulikuwa wawili tuliokuwa tukitakiana mabaya chini ya paa moja, kila mtu na maombi yake.

Akanipa mkasi na wembe. Aliketi sakafuni, katikati ya magoti yangu, nami nikaanza kumnyoa zilizobaki. Zilikuwa chache, lakini nilijichelewesha makusudi. Nikamwomba anisimulie yale ambayo Kukhu alikuwa akimsimulia. Akanisimulia, moja baada ya jingine, na nilipomaliza kunyoa niliendelea kumpapasa kichwa ili asinyamaze.

Alipojitazama kwenye kioo, kichwa chake kilikuwa cha mviringo, kizuri, kinampendeza kuliko wigi lolote. Nikaona na mvi zangu nyuma yake. Ule wivu ukanirudia palepale.

"Hata hivi unanishinda," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nywele zake niliziokota zote, nikapapasa sakafu nzima kwa kiganja, nikazichoma kwenye jiko. Sijui kama ndege yule alifanya kazi niliyomtuma au ilifanywa na mikono ya Kukhu. Mikono ile ndiyo niliyoionea wivu muda wote ule, si nywele. Ningekubali kuwa na upara leo, mradi mikono hiyo iwe imenishika kwa saa mbili nzima kila Jumamosi.